Databesi haisimami peke yake: kujenga na kutesti PostgreSQL kwa mashine za Nakuru

Ukiingia ofisi ya ushirika au ya shule huku kwetu, iwe Njoro, Bahati au hapa Nakuru mjini kwenyewe, utakuta kompyuta hazifanani hata kidogo. Kuna desktopu ya Windows 10 ya ex-UK, pembeni laptopu ya mhasibu iko na Windows 11, seva ni boksi la Ubuntu (aina ya Linux) liko chini ya meza, na mwenyekiti ana MacBook ambayo mtoto wake alimletea kutoka ng'ambo, na hao wote wanategemea databesi moja. Ukimuuliza fundi aliyeweka mfumo kama aliutesti kwa hizo mashine zote anakuambia, "Kaka, kwangu inafanya poa." Na ni kweli, kwake inafanya. Lakini kwake ni mashine moja.

Msimamo wangu nitausema mapema: databesi haiishii kwa kodi yake, yaani maandishi ya programu yenyewe. Inasimama juu ya mfumo endeshi, yaani Windows, Linux au macOS iliyo kwa mashine, na mfumo endeshi ndio unaamua faili inaandikwaje kwa diski, herufi zinapangwaje, jina la jedwali likiwa na herufi kubwa ni lile lile ama ni lingine. Ukibadilisha mfumo endeshi umebadilisha sehemu ya databesi yako, hata kama namba ya toleo imebaki ile ile. Ndiyo maana usiku nikilala hapa Langa Langa naacha mashine zikijenga PostgreSQL, databesi ya programu huria, kutoka kwa kodi iliyoingia jana, zikitesti moja baada ya nyingine, na asubuhi kabla ya chai naangalia ni gani imepita na ni gani imekataa.

Tuanze na ile rahisi ambayo karibu kila fundi wa huku ameshakutana nayo. MySQL, databesi nyingine, kwa Windows haijali kama umeandika Wanafunzi ama wanafunzi, kwake hilo ni jedwali moja. Kwa Linux hayo ni majedwali mawili tofauti, kwa sababu majina yanafuata tabia ya faili za mfumo endeshi. Kuna setingi inaitwa lower_case_table_names, kwa Linux huanza na 0, kwa Windows ni 1, kwa macOS ni 2, na kuanzia MySQL 8.0 unaiweka tu ile siku unaanzisha seva, baadaye hairuhusu kubadilisha. Sasa chukua mtu ameandika mfumo wa karo kwa laptopu ya Windows, sehemu moja kaandika kwa herufi kubwa, sehemu nyingine kwa ndogo, kila kitu kinaenda sawa mpaka mfumo unahamishwa kwa seva ya Linux wiki ya kufungua shule. Nimeona hiyo. Wazazi wako kwa foleni na mesej za M-Pesa mkononi, bursa anabonyeza, mfumo unasema jedwali halipo, na jedwali liko pale pale unaliona kwa macho. Hakuna kilichoharibika. Ni kodi ile ile, data ile ile, kilichobadilika ni mfumo endeshi tu.

Watu wa PostgreSQL waliliona hili mapema na wakalijengea utaratibu ambao mimi naupenda kuliko kitu kingine chochote kwa programu huria. Hii databesi mizizi yake ni Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, mradi wa Michael Stonebraker wa mwaka 1986, na jina PostgreSQL likaja 1996. Kwa miaka mingi ilikuwa ya Unix, hadi toleo la 8.0 la Januari 2005 ndipo ikaanza kukimbia kwa Windows moja kwa moja. Ukishaongeza Windows hakuna mtu mmoja anaweza kuwa na kila aina ya mashine nyumbani, kwa hivyo 2004 Andrew Dunstan, mmoja wa watu hao, akaanzisha Build Farm. Wazo lake ni rahisi sana. Mtu yeyote mwenye mashine anajiandikisha, mashine inapewa jina la mnyama, halafu skripti ya Perl inavuta kodi mpya, inaikompaili, yaani inaigeuza kuwa programu inayokimbia, inapitisha testi zote, na inatuma majibu mahali ambapo kila mtu anaona. Imepita ni kijani, imefeli ni rangi nyingine na logi yote iko hapo wazi. Aliyeandika kiraka, yaani badiliko la kodi, labda yuko kwa Linux yake amekunywa kahawa ameridhika, dakika chache baadaye mashine ya FreeBSD, mfumo endeshi mwingine wa ukoo wa Unix, ya mtu asiyemjua iko nyekundu, na anajua kabla hiyo kodi haijafika kwa mtu yeyote kama toleo.

Na hii si pambo. Kwa nyaraka zao wameandika kwamba jukwaa, yaani mfumo endeshi pamoja na prosesa yake, linahesabiwa linasapotiwa kama kodi ina mipango ya kufanya kazi hapo na kama hivi karibuni imethibitishwa kwamba inajengeka na inapita testi hapo. Maana yake ni kwamba jukwaa linaishi kwa sababu kuna mtu ameacha mashine ikiwaka. Kati ya Unix za zamani, HP-UX iliondolewa toleo la 16, AIX ikaondolewa toleo la 17 la 2024, kwa sababu kazi ya kuzibeba ilikuwa kubwa na wa kuibeba hawakutosha. Kwa hivyo ukiwa Nakuru na Windows ya zamani, au kadude ka prosesa ya ARM kama Raspberry Pi kako kwa droo, wewe uko na kitu ambacho injinia wa kampuni kubwa mwenye seva mia zinazofanana hana. Hapo ndipo mimi nilianza kuiona ile michanganyiko yetu ya kompyuta kwa macho mengine.

Mashine zangu ni hizi: laptopu ya Ubuntu ninayofanyia kazi, desktopu ya ex-UK yenye Windows 10, nyingine nzee ambayo niliweka FreeBSD, na Raspberry Pi 4. Mac ninaazima ya rafiki wikendi, ni ya M1. Mara ya kwanza kuvuta kodi yote na git inakula bando, hilo nikuambie ukweli, fanya hiyo kwa ofisi au kwa wifi ya chuo, lakini baada ya hapo kila siku unavuta mabadiliko tu na ni kidogo sana. Weka ccache, itakusaidia usikompaili upya vitu ambavyo havijaguswa, kwa Pi utaona tofauti kubwa. Kwa Ubuntu unahitaji build-essential, flex, bison, libreadline-dev, zlib1g-dev na libicu-dev, hiyo ya mwisho watu huisahau, tangu toleo la 16 ICU, maktaba ya kupanga herufi za lugha, inatakiwa kwa kawaida, usipokuwa nayo configure, skripti ya kuandaa ujenzi, inasimama mpaka uiambie wazi kwamba huitaki. Kwa FreeBSD make ya kawaida haikubali, ni gmake. Kwa Windows siku hizi unajenga na kifaa kinaitwa Meson, iliingia toleo la 16, na toleo la 17 wakaondoa zile skripti za zamani za Visual Studio, na kwa kweli kazi imekuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa.

Testi zenyewe zinafanyaje? Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu vijana wengi wanadhani testi ni kitu cha ajabu. Ukisema make check, PostgreSQL inaanzisha databesi ya muda, inaendesha mafaili ya SQL mengi, na majibu yanaandikwa kwa faili. Halafu inachukua hilo faili na inalilinganisha na faili la majibu yanayotarajiwa, herufi kwa herufi, na diff ya kawaida tu, komandi ya kuonyesha tofauti za mafaili mawili. Tofauti zote zinaingia kwa faili inaitwa regression.diffs. Ukifungua hiyo faili utaona mstari wenye alama ya kutoa, hiyo ndiyo ilitarajiwa, na chini yake mstari wenye alama ya kujumlisha, hiyo ndiyo mashine yako imesema. Hakuna siri hapo. Unasoma mistari miwili unajiuliza, ni nani yuko sawa?

Na mara nyingi wote wako sawa. Kwa miaka mingi Windows ilikuwa inaandika laki moja kwa mtindo wa kisayansi kama 1e+005, sifuri mbili, wakati Linux inaandika 1e+05. Ni namba ile ile! Lakini kwa diff hizo ni tofauti, testi imefeli. Suluhisho lao lilikuwa kuweka faili la pili la majibu, la mashine zinazoandika hivyo, zikilingana nalo zimepita. Sasa ona vile inahitaji akili: lazima mtu akae chini aamue kama tofauti hii ni ya mwandiko tu ama ni hesabu imekosewa, na hiyo hakuna skripti inakuamulia. Mimi kila nikiona tofauti kwa mashine moja swali la kwanza ni hilo, na siongezi faili la pili la majibu mpaka niweze kueleza kwa maneno yangu kwa nini mashine hii inajibu hivyo.

Kuna nyingine ndogo naipenda. Jaribu kuweka ukanda wa saa wa Africa/Nairobi halafu uulize tarehe yoyote ya mwaka 1940. Utaona tofauti na saa ya dunia ni saa mbili na dakika 45, si saa tatu, kwa sababu kabla ya mwisho wa Julai 1942 Kenya ilikuwa inafuata hiyo. PostgreSQL inabeba data yake ya kanda za saa kwa sababu kuna mifumo endeshi, Windows ikiwemo, haina hiyo data kwa muundo inaotaka, lakini pakiti za Debian zinatumia ile ya mfumo. Kwa hivyo mashine mbili zenye toleo moja la databesi zinaweza kusoma kalenda kutoka vyanzo viwili, na kama moja haijaapdetiwa zinaweza kukosana.

Sasa niwape ile ambayo ilinifanya nisiache tena hii kazi.

Kuna ushirika wa maziwa hapa kaunti yetu, sitautaja jina, waliniita kwa sababu malipo ya mwisho wa mwezi hayalingani. Nilipofika karani akaniambia, "Fundi, huyu mzee ameleta maziwa hapa miaka yote, nikitafuta jina lake mashine inasema hayuko, nikimsajili upya inakubali, sasa ako mara mbili." Jina la mzee lilikuwa na ng' ndani yake, tuseme Ng'etich. Nikamuuliza ni huyo peke yake, akatoa daftari, alikuwa ameandika wengine: kina Ng'ang'a, Ng'eno, Kipng'eno, Wang'ombe, karibu wote walikuwa na ile alama ya ng'. Karani huyo mama alikuwa ameshaona ugonjwa uko wapi kabla yangu, alichokosa ni sababu tu. Jedwali la wakulima lilikuwa na indeksi ya kipekee, yaani orodha ya kutafutia isiyoruhusu kitu kimoja kuingia mara mbili, kwa jina na ruti ya kukusanya maziwa, iliwekwa hapo hasa ili mtu asisajiliwe mara mbili kwa ruti moja, na bado mzee ako mara mbili, ruti ile ile, herufi zile zile.

Ilivyokuwa ni kwamba miezi kadhaa nyuma seva yao ilitolewa Ubuntu 18.04 ikapelekwa 20.04. PostgreSQL ilibaki toleo lile lile, data ilibaki kwa diski pale pale, hakuna mtu aliyegusa kitu. Lakini chini yake maktaba ya C inayoitwa glibc, ambayo programu nyingi za Linux huitegemea, ilitoka 2.27 ikafika 2.31, na katikati hapo, toleo la 2.28 la Agosti 2018, glibc ilibadilisha kanuni za kupanga herufi. Zamani kwa mpangilio wa Kiingereza cha Marekani, en_US.UTF-8, alama kama kiapostrofi, kistari na hata nafasi zilikuwa zinarukwa kwanza, yaani Ng'etich inapangwa kama Ngetich. Baada ya 2.28 hizo alama zinahesabiwa, na zinakuja kabla ya herufi, kwa hivyo Ng'etich inapanda juu, inakaa mbele hata ya Nganga.

Indeksi ya B-tree ni kama rejista ya darasa iliyopangwa kwa alfabeti, mwalimu haanzi kusoma juu mpaka chini, anafungua katikati anajua aende mbele au nyuma. Sasa ile rejista iliandikwa kwa kanuni ya zamani na msomaji amekuja na kanuni mpya. Anafika kwa Ngeno, kwa kanuni yake mpya Ng'etich lazima iwe kabla ya hapo, anarudi nyuma, anatafuta, hapati, anasema hayupo. Na mzee yupo, kurasa chache mbele. Ile sheria ya kipekee nayo inatumia indeksi hiyo hiyo kuangalia kama jina lipo, nayo inaambiwa halipo, inaruhusu kuandika lingine. Hakuna kosa lililotokea kwa logi. Seva haikuanguka. Ilikuwa inajibu haraka, kwa utulivu, jibu ambalo si la kweli, na watu walikuwa wanalipwa nusu nusu kwa akaunti mbili.

Ukitaka kuiona mwenyewe chukua mashine mbili, ya kabla na ya baada, panga mistari miwili tu, 1-1 na 11, kwa komandi ya sort ukiwa na en_US.UTF-8. Ya zamani itakuandikia 11 kwanza, mpya itaanza na 1-1. Hiyo tu. Mistari miwili, na ndani yake kuna malipo ya wakulima.

Kurekebisha, REINDEX, komandi ya kujenga indeksi upya, ndiyo dawa, lakini haikubali mpaka uondoe waliojirudia, inakataa kujenga indeksi ya kipekee juu ya data isiyo ya kipekee. Tulikaa na karani na daftari lake tukaunganisha akaunti moja moja, kilo za asubuhi, kilo za jioni, mpaka ikalingana, na hapo ndipo nilijua thamani ya mtu anayeandika kwa karatasi. Siku hizi mambo ni afadhali. Toleo la 14 lilileta pg_amcheck, inapita kwa indeksi ikiangalia kama mpangilio unalingana na kanuni ya sasa. Toleo la 15 la 2022 linakumbuka databesi ilijengwa na toleo gani la mpangilio na linakuonya likiona limebadilika chini yake. Toleo la 17 limekuja na mpangilio wa ndani, C.UTF-8, ambao hautegemei mfumo endeshi kabisa, na kwa mifumo mipya ninayoweka huo ndio natumia, kama mtu anataka orodha nzuri ya alfabeti kwa ripoti naipanga pale kwa ripoti.

Kitu cha kuelewa hapa ni kwamba Build Farm haingekamata hii. Kila mashine inaanza na databesi mpya, inajenga indeksi kwa kanuni ya leo na inasoma kwa kanuni ya leo, inapita. Kasoro iko kwa safari, data imezaliwa kwa mfumo endeshi mmoja ikaja kuishi kwa mwingine. Kwa hivyo mimi testi zangu ziko aina mbili, ile ya kujenga kila usiku, na ile ya kuhamisha, nachukua databesi yenye majina ya huku kwetu, na ng' zake na nafasi zake, naibeba kutoka mfumo mmoja hadi mwingine halafu natafuta kila jina kwa indeksi na bila indeksi, majibu lazima yalingane. Majina ya kutesti yanayokuja na programu nyingi ni John na Smith. Hayo hayawezi kukuonyesha kitu hapa.

Halafu kuna stima. Huku stima ikienda haikupigii hodi, na databesi inaahidi kwamba ikishasema imehifadhi imehifadhi. Ahadi hiyo inapitia kwa komandi moja ya mfumo endeshi, fsync, ambayo kazi yake ni kusema andika kwa diski kweli kweli usiniambie umeandika kama iko kwa kumbukumbu tu. Mwaka 2018 Craig Ringer, mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, alieleza kitu kilichowashtua watu wengi: kwa Linux, fsync ikifeli mara moja, kereneli, kiini cha mfumo endeshi, inaweza kuzihesabu zile kurasa za data kuwa safi, yaani zimeshaandikwa, ukiita tena inakuambia sawa, na data haijafika popote. PostgreSQL ilikuwa inajaribu tena, inaambiwa sawa, inaendelea. FreeBSD haikuwa na tabia hiyo, yenyewe inaacha kurasa zikiwa bado zinadaiwa. Kuanzia matoleo ya Februari 2019 PostgreSQL ikifeli fsync inajiangusha yenyewe makusudi halafu inajirejesha kutoka kwa WAL, daftari ambamo kila badiliko huandikwa kwanza. Kwa Mac nako fsync ya kawaida hailazimishi diski yenyewe kumwaga kashe yake, kumbukumbu yake ya muda, unahitaji F_FULLFSYNC, ambayo PostgreSQL unaipata kwa kuweka fsync_writethrough. Neno moja, fsync, maana tatu.

Kuna kifaa kinakuja pamoja na PostgreSQL kinaitwa pg_test_fsync, tafadhali kiendeshe kwa kila mashine kabla hujaweka pesa za watu hapo. Diski ya kuzunguka ya 7200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde, kwa hivyo ikikuambia inafanya fsync elfu kadhaa kwa sekunde ukiandika pale pale, basi kuna kashe njiani inajibu kwa niaba ya diski, na stima ikienda hapo hapo hiyo kashe inaenda nayo. Mimi nilizipima desktopu za ex-UK kadhaa na majibu yalikuwa hayafanani hata kwa zenye jina moja kwa boksi, na hiyo ndiyo sababu sikubali kuweka seva bila UPS, mteja anune asinune.

Windows nayo ina dunia yake. Haina fork, ile njia ya Unix ya kuzaa process inayorithi kila kitu cha mzazi, kwa hivyo kila kaneksheni mpya PostgreSQL inaanzisha programu upya na kuishikisha kumbukumbu ya pamoja pale pale ilipokuwa. Na kwa Windows faili likiwa limefunguliwa na mtu mwingine huwezi kulibadilisha jina hivi hivi. Nani anafungua? Antivirusi. Fungua kodi ya PostgreSQL, faili dirmod.c, utakuta sehemu ya kubadilisha jina la faili ina mzunguko, inajaribu, ikikataliwa inangoja sehemu ya kumi ya sekunde, inajaribu tena, hadi kama sekunde kumi hivi ndipo ikubali imeshindwa. Kuna mtu alikaa akafikiria ofisi ambayo antivirusi imeshika faili wakati databesi inataka kuliandika, akaiwekea subira. Ofisi kama hizo ndizo zetu. Nilipoisoma hiyo kodi mara ya kwanza niliheshimu hao watu sana.

Pi yangu watu huiona kama toi. Lakini kwa lugha ya C aina inayoitwa char kwa prosesa za Intel huwa inabeba namba hasi, kwa ARM ya Linux haibebi. Kwa herufi za kawaida hakuna tofauti, kwa herufi zilizo nje ya ASCII, zile za msingi za Kiingereza, tofauti ipo, na indeksi za pg_trgm, zile za kutafuta jina lililoandikwa karibu karibu, zilikuwa zinajipanga kulingana na hiyo. Maana yake replika ya ARM iliyonakili faili kutoka seva ya Intel inaweza kutafuta mahali pasipo. Imeshughulikiwa toleo la 18 la 2025, sasa databesi inakumbuka ilizaliwa upande gani. Mtu mwenye Intel peke yake hawezi kuiona hiyo kasoro maisha yake yote.

SQLite, databesi ndogo ya faili moja, nitaigusa tu kwa sababu iko kwa simu ya kila mtu anayesoma hii. D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000, na kodi ya testi zake kwa hesabu yao wenyewe ni kama mara 590 ya kodi ya databesi, na faili lake moja unaweza kulitoa kwa simu ukalifungua kwa Windows au kwa mashine yoyote ile lisome vile vile, kwa sababu muundo wa faili umeandikwa kwa mpangilio mmoja wa baiti bila kujali prosesa. Ukisema testi ni kupoteza muda angalia hiyo kwanza.

Wanafunzi wa Egerton na Kabarak wananiuliza wataanzaje programu huria wakati hawajui C vizuri. Nawaambia anzeni hapa. Vuta kodi, ijenge kwa mashine uliyo nayo, hata kama ni ile ya mjomba yenye Windows, endesha testi, ikifeli soma regression.diffs mpaka uelewe mstari mmoja. Ukielewa mmoja utaripoti, na ripoti nzuri yenye jina la mfumo endeshi, toleo la kompaila, logi, na hatua za kurudia, inapokelewa na watu wanaiheshimu hata kama hujaandika kodi hata kidogo. C utaijua njiani.

Ule ushirika wa maziwa tutaupeleka Ubuntu 24.04 baada ya malipo ya mwezi huu, nakala ya data iko tayari kwa laptopu na kwa Pi na pg_amcheck imepita pande zote mbili. Ninachokosa kwa sasa ni Mac ya Intel na mashine yoyote ya zamani inayoweza kubeba NetBSD. Kama unayo imekaa tu na uko Nakuru au njiani kuelekea Kisumu, niandikie, nitakuja kuichukua mwenyewe.